Nani Aliyelipa Nauli?

Nina ugomvi wa siku nyingi na watu wanaozisifia barua za watafuta dhahabu. Nazungumzia zile barua za wanaume waliopanda merikebu kuanzia mwaka 1849 kwenda California, na baadaye Australia na New Zealand, wakiwaandikia wake, wazazi na ndugu zao waliobaki nyumbani. Barua hizo zimehifadhiwa kwa wingi katika maktaba za nchi hizo, nyingine zimechapwa vitabuni, na kila anayezitaja hazungumzi ila ujasiri, uvumilivu na moyo wa kuthubutu. Hata hapa kwetu nimewasikia wasemaji kwenye mahafali wakiwahimiza vijana wawe na moyo wa wale waliovuka bahari kufuata dhahabu. Mimi nasema barua hizo, zikisomwa kwa makini, ni hati za deni. Na mwenye kudai hajalipwa mpaka leo, hata kwa heshima ya kutajwa tu.

Kwa faida ya msomaji asiyeifahamu habari hii, nitaieleza kwa ufupi. Tarehe 24 Januari 1848 James Marshall, aliyekuwa akijenga kiwanda cha kupasulia mbao kwa ajili ya tajiri John Sutter, aliona chembe za dhahabu katika mfereji wa maji huko California. Tarehe 5 Desemba mwaka huohuo Rais James Polk aliithibitisha habari hiyo mbele ya bunge la Marekani, na hapo ndipo wazimu ulipoanza. Mji wa San Francisco, uliokuwa na watu wapatao 1,000 mwaka 1848, ulikaribia watu 25,000 katika muda wa miaka miwili hivi. Watu waliokuwa mashariki ya Marekani walikuwa na njia tatu. Ya kwanza ni nchi kavu, kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ya pili ni kuizunguka Amerika ya Kusini yote kwa merikebu kupitia Rasi ya Horn, safari ya miezi mitano hadi minane. Ya tatu ni kwenda kwa meli hadi Panama, kuivuka nchi kwa mitumbwi na nyumbu katikati ya homa na kipindupindu, kisha kusubiri meli nyingine upande wa pili. Reli ya Panama haikukamilika mpaka mwaka 1855.

Sasa tulizame swali langu. Nauli ilitoka wapi? Safari ya kupitia Panama iligharimu dola mia mbili, mia tatu na zaidi, na hapo hujanunua sururu wala karai. Kibarua wa shamba wa wakati ule alikuwa hapati hata dola moja kwa siku. Basi mwanamume wa kawaida hakuitoa nauli hiyo mfukoni mwake. Aliitoa kwenye shamba lililowekwa rehani, kwenye akiba ya baba mkwe, kwenye mkopo wa kaka. Wengine waliunda kampuni za kununua merikebu kwa hisa, na mara nyingi mwenye kusafiri alikuwa amelipiwa na mtu aliyebaki nyumbani, kwa ahadi ya kugawana nusu kwa nusu dhahabu itakayopatikana. Na nyingi ya kampuni hizo zilivunjika mara tu merikebu zilipotia nanga San Francisco, kila mtu akashika njia yake. Mabaharia nao walizikimbia merikebu. Mamia yakaachwa bandarini yakioza. Moja, Niantic, ikageuzwa ghala. Nyingine, Euphemia, ikawa gereza. Msomaji akiambiwa habari za merikebu hizo hucheka kwa mshangao. Mimi huwaza wale walionunua hisa.

Turudi kwenye barua. Ukizisoma nyingi utaona zina mpango mmoja. Mwandishi huanza na afya yake. Hueleza dhoruba, kichefuchefu cha bahari, nyama ya chumvi na biskuti zenye wadudu. Hueleza bandari ya Rio de Janeiro au ya Valparaíso, ambako merikebu ilisimama kuchukua maji na yeye akapata nafasi ya kutuma barua. Akifika machimboni huorodhesha bei za vitu: unga kiasi gani, nguo kiasi gani, yai moja kiasi gani. Halafu huja ahadi: mwezi ujao, msimu ujao, mto ukipungua maji, nitapata cha kutosha na nitarudi. Mwisho husalimia kila mtu kwa jina na kuwabusu watoto. Watu huusifu mpango huu kwa kuwa una upendo. Sawa, upendo upo. Lakini mdaiwa yeyote aliye mbali huandika hivyohivyo! Anamweleza anayemdai jinsi alivyoteseka, bei zilivyo juu, na kwamba malipo yako njiani.

Tena ahadi yenyewe ilizidi kuwa ngumu kila mwaka. Mwanahistoria Rodman Paul alikadiria kwamba mchimbaji wa California alipata kama dola 20 kwa siku mwaka 1848, na kama dola 5 tu kufikia mwaka 1853. Aliyepata utajiri mara nyingi ni yule aliyemuuzia mchimbaji unga na sururu. Hivyo aliyesafiri miezi sita kupitia Rasi ya Horn alikuta kisima kinakauka, na nyuma yake mkopo ungali ukizaa riba. Angeandika nini? Aliandika kuhusu mto.

Hapa nitatoa ushahidi, nisije nikaambiwa nasingizia wafu. William Swain alikuwa mkulima wa Youngstown, katika jimbo la New York. Aliondoka mwaka 1849 akimwacha mkewe Sabrina na binti yao mchanga, pamoja na mama yake na kaka yake George. Alikwenda kwa nchi kavu na kurudi kwa bahari kupitia Panama, akafika nyumbani mapema mwaka 1851. Mwanahistoria J. S. Holliday aliijenga habari yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1981, na thamani ya kitabu hicho, kwa maoni yangu, ni jambo moja: barua za pande zote mbili zilisalia. Swain akiwa machimboni alimwandikia kaka yake awaonye watu wasije, kwa sababu maelfu walikuwa wameacha na wangeacha mifupa yao huko na njiani. Sabrina naye alimwandikia mumewe kwamba kama angelijua mapema jinsi atakavyoshindwa kuuzoea upweke ule, asingelikubali aondoke. Na George ndiye aliyekuwa akilisimamia shamba wakati wote huo. Sasa niambie, ndugu msomaji: katika watu hawa watatu, kwa nini ni mmoja tu anayeitwa jasiri?

Kisa cha akina Swain ni cha bahati. Katika familia nyingi barua za mwanamume ndizo zilizosalia, kwa sababu zilifika kwenye nyumba. Nyumba ina sanduku, ina rafu, ina mama wa kuzifunga kwa utepe. Barua za mke zilifika kwenye hema, kwenye matope, kwenye mfuko wa suruali ya mtu anayesimama ndani ya mto kutwa nzima. Zikalowa, zikachanika, zikapotea. Kwa hiyo tunasoma nusu ya mazungumzo na kudhani tumesikia yote. Tumemsikia anayesema "vumilia mpenzi wangu". Hatujamsikia anayejibu kwamba aliyekukopesha alikuja jana, amekuja na leo, na mimi nimwambie nini? Kumbuka pia kwamba wakati ule, katika majimbo mengi ya Marekani, mke hakuwa na uwezo wa kisheria wa kufunga mkataba kwa jina lake mwenyewe. Mumewe yuko baharini, deni liko mlangoni, na mkono wake hautambuliki kwenye karatasi.

Hata gharama ya barua yenyewe inasema ukweli huu. Mwaka 1849 barua nyepesi kati ya California na mashariki ya Marekani ilitozwa senti 40, na haikupungua mpaka Julai 1851. Sheria ya kulazimisha mtumaji alipe kwanza ilianza mwaka 1855. Kabla ya hapo barua nyingi zilitumwa bila kulipiwa, na aliyelipa ni mpokeaji pale posta ya kijijini. Fikiria jambo hilo. Mwanamke aliyeweka shamba rehani ili mumewe asafiri, analipa tena senti 40 ili asome kwamba dhahabu bado haijapatikana.

Siwanyimi wanaume wale haki yao. Machimboni kulikuwa na Alexander Todd, aliyefanya biashara ya kuchukua barua za wachimbaji kutoka posta ya San Francisco na kuwapelekea milimani, naye alitoza wakia moja ya dhahabu, yaani kama dola 16, kwa barua moja. Na walimlipa. Mtu anayetoa malipo ya siku nzima au zaidi kwa karatasi kutoka nyumbani si mtu aliyesahau kwao. Najua hayo. Lakini mtu anaweza kuwakumbuka watu wake kila usiku na bado akawa anaishi kwa jasho lao. Upendo na deni hukaa katika bahasha moja. Nawagombeza wasomaji wanaoutoa upendo na kuliacha deni ndani.

Labda mtu atasema nimezama mno katika mambo ya Wazungu. Basi tuwatazame Wachina. Wanaume wa Guangdong, kusini mwa Uchina, waliiita California Mlima wa Dhahabu, na Australia ilipogunduliwa dhahabu mwaka 1851 wakaiita Mlima Mpya wa Dhahabu. Mwaka 1852 peke yake walifika California wapatao 20,000. Wengi walisafiri kwa nauli ya mkopo, walipe kidogo kidogo kwa kazi. Wakakuta wamewekewa kodi ya wachimbaji wa kigeni huko California, na katika koloni la Victoria, Australia, tangu mwaka 1855, wakatozwa pauni 10 kila kichwa wakishuka melini. Ili kuikwepa kodi hiyo maelfu waliteremkia Robe, bandari ya koloni jirani, wakatembea mamia ya kilomita hadi machimboni.

Watu hawa na wenzao waliowafuata ng'ambo waliacha desturi ya barua ambayo naiheshimu kuliko zote. Ilikuwa barua ya fedha: habari na pesa vilikwenda pamoja, na kiasi kilichotumwa kiliandikwa humo waziwazi. Mwaka 2013 UNESCO iliziingiza barua za namna hiyo katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia. Wasomi wetu watasema barua hizo ni kavu, hazina maelezo ya machweo ya jua juu ya bahari. Ndiyo, ni kavu, kwa sababu zinajua zilivyo. Mwandishi anakiri tangu mstari wa kwanza kwamba kuna watu wanaomdai: mama wa kulishwa, mdogo wa kusomeshwa, mkopo wa nauli. Mke wake, aliyeitwa mke wa Mlima wa Dhahabu, aliweza kukaa miaka kumi, ishirini, bila kumwona, lakini kwenye karatasi ile alihesabiwa.

Na deni hilo lilifuata hata wafu. Mwaka 1902 meli iitwayo Ventnor iliondoka New Zealand ikiwa na mabaki ya Wachina 499, wengi wao wachimba dhahabu waliofia huko, yakirudishwa kuzikwa kwao. Ilizama karibu na Hokianga. Baadhi ya mabaki yalitupwa ufukoni na mawimbi, na Wamaori wa Te Roroa na Te Rarawa wakayaokota na kuyazika. Wahenga wetu wa pwani walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wale 499 walirejea ngamani kweli, na familia zao zikabaki bila hata mfupa wa kuzika. Hakuna barua ya ujasiri iliyoandikwa kuhusu wao.

Kuna kisa kingine cha bahari ambacho ningependa kiwekwe mbele ya kila anayesifia barua hizi. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Oktoba 1859 meli Royal Charter, ikitoka Melbourne na dhahabu na watu waliokuwa wakirudi nyumbani, ilivunjikia kwenye miamba ya Anglesey huko Wales, ikiwa imebakiza safari fupi tu kufika Liverpool. Walikufa watu wapatao 450. Charles Dickens alifika pale na kuandika habari zake. Ameeleza kwamba kasisi wa kijiji, Stephen Roose Hughes, aliandika barua 1,075 kwa ndugu za waliokufa, kwa sababu ndugu hao walikuwa wakimwandikia wakiuliza alama za nguo, rangi ya nywele, pete kidoleni. Hughes alifariki mwaka 1862. Hapo ndipo, kwa mara moja, sauti ya nyumbani inasikika katika historia ya dhahabu: pale aliyeondoka alipokuwa hawezi tena kuandika.

Wapo pia waliolipa bila kuandikiwa chochote. Wenyeji asilia wa California walikadiriwa kuwa 150,000 hivi mwaka 1848. Kufikia miaka ya 1870 walibaki wapatao 30,000, kwa maradhi, njaa na mauaji ya wazi. Mwaka 1851 gavana Peter Burnett alilitamkia bunge la jimbo kwamba vita vya kuwaangamiza vingeendelea. Katika barua za nyumbani watu hawa, wakitajwa, hutajwa pamoja na dubu na mvua, kama matata ya njiani. Nani amewahi kusoma barua hizo kwenye mahafali na kuyasema hayo?

Mimi ni mtu wa Rungwe. Miaka ya 1950 wanaume wa kwetu walichukuliwa na Wenela kwenda kuchimba dhahabu ya Afrika Kusini. Hawakupita baharini, na hawakuwa watafutaji wa bahati bali vibarua wa makampuni. Sitaki kuwachanganya na wale wa California. Lakini barua nilizijua, kwa sababu nilikuwa mtoto wa shule na akina mama jirani waliniita niwasomee. Zilianza na afya na kuishia na salamu. Nikimaliza kusoma, mama mmoja alikuwa akiniuliza kila mara, "Mwanangu, hakuuliza habari za kahawa?" Kahawa ile ilikuwa ya mumewe, na aliyeipalilia, kuichuma na kuibeba hadi chamani ni yeye. Nilikuwa nikitazama upya karatasi pande zote mbili. Hakuuliza. Halafu mama alikuwa akiniambia niandike jibu: kwamba wote hawajambo, na kahawa haijambo.

Swali la yule mama ndilo ninalolitumia mpaka leo nikisoma barua yoyote ya mtu aliyekwenda mbali kutafuta mali. Hakuuliza habari za kahawa? Hakuuliza nani analipa riba? Najua nitajibiwa kwamba watu wale walikuwa watu wazima, walikubaliana na wake zao, na wengine walirudi na fedha wakanunua mashamba. Ni kweli. Walipofanikiwa, nyumba nzima ilifaidi. Lakini hiyo inathibitisha hoja yangu, kwamba ilikuwa ni biashara ya nyumba nzima tangu mwanzo. Kwa nini basi nyumba ihesabiwe wakati wa kulipa na wakati wa kula, isihesabiwe wakati wa kusifiwa? Tunasema mchumia juani hulia kivulini. Nani alikuwa juani? Aliyesimama mtoni na karai, ndiyo. Na yule aliyelima peke yake na mtoto mgongoni, je?

Jambo hili si la maktaba za ng'ambo pekee. Vijana wetu wanaondoka mpaka leo, wengine kwenda machimboni, wengine kuvuka bahari kwenda Arabuni na Ulaya, na barua zimegeuka kuwa sauti kwenye simu. Nauli bado inatoka palepale: kiwanja cha mzee, ng'ombe wa mama, mkopo wa dada katika kikundi. Na picha inayotumwa nyumbani bado inaonyesha afya na mandhari nzuri. Kijana anayeambiwa kwamba safari ni ujasiri wa mtu mmoja ataona haya kurudi mikono mitupu, atanyamaza, atapotea, na mama yake atabaki akiuliza majirani. Kijana anayeambiwa kwamba ametumwa na nyumba nzima kwa fedha za nyumba nzima anaweza kuandika ukweli mapema: mama, huku hakuna kitu, mnishauri. Swain aliweza kumwandikia kaka yake maneno ya namna hiyo, kwa sababu alikuwa na kaka wa kumwandikia ukweli.

Kwa hiyo wanaochapa barua hizi wachape na majibu yake yanapopatikana, na yasipopatikana waseme wazi mbele ya kitabu kwamba hii ni nusu. Na nyinyi wasemaji wa mahafali, mkitaka kuwapa vijana mfano wa ujasiri, msomeeni kila kijana hesabu ya nauli yake: nani alitoa kiasi gani, aliuza nini, na anamtegemea nani sasa. Dawa ya deni ni kulipa, na hakuna anayelipa deni asilolijua.